Bamba Kwanza, Nukta Baadaye: Risala ya Wenye Bastola wa Morogoro kwa Wauzaji na Wasimamizi wa Silaha

Afande mgeni rasmi. Ndugu wauzaji wa silaha mliokubali kutoka Dar es Salaam kuja kutusikiliza. Wazee wetu, akina mama na vijana mliopo:

Sisi tuliotia sahihi chini ya risala hii ni wamiliki wa bastola wenye leseni. Tunaishi Manispaa ya Morogoro na pande zake: Mgeta na Matombo huko milimani, Mvomero na Kilosa huko mabondeni. Yumo kati yetu mama anayepanda Nyandira na fedha taslimu kununua karoti na njegere kwa wakulima wasiotaka kusikia habari ya kulipwa kesho. Yumo mwenye kituo cha mafuta barabara ya Iringa, yumo msimamizi wa shamba la mkonge, na tumo wastaafu tuliokabidhiwa silaha enzi za utumishi, tukazizoea, kisha tukaomba za kwetu kwa njia halali.

Hatukuja kudai silaha zaidi, wala hatukuja kuinung'unikia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni tunazo na tukiitwa kwenye uhakiki tunakwenda. Tumekuja kwa ajili ya kipande cha chuma chenye upana wa vidole viwili na unene wa sarafu mbili tatu. Ni bamba la kufungia kilengeo cha nukta nyekundu juu ya bastola. Mafundi wetu huliita pleti. Kipande hicho kimekula fedha zetu, kimetumalizia risasi, na mimi niliyepewa kazi ya kusoma risala hii kimenitia aibu mbele ya watu, kama nitakavyoeleza.

Mniruhusu nianze na macho, maana mtu wa umri wetu akiuliza habari ya nukta nyekundu huchekwa dukani. "Mzee, hicho si kidude cha vijana?" Bastola ya kawaida ina vilengeo viwili vya chuma, kimoja nyuma chenye pengo na kimoja mbele chenye kidole. Ukijumlisha na kile unachokilenga, vitu ni vitatu, vyote kwa umbali tofauti, na jicho la binadamu haliwezi kuvinoa vyote kwa wakati mmoja. Kijana anajikokota hivyo hivyo kwa kuruka haraka kutoka kimoja hadi kingine. Ukishaipita miaka arobaini na kitu, lenzi ya jicho imekakamaa na kilengeo cha mbele, kilicho mwisho wa mkono ulionyooka, kinakuwa ukungu wa Kinole saa kumi na mbili asubuhi. Ukivaa miwani ya kusomea, kilengeo kinaonekana lakini mtu aliye mbele yako anapotea. Hilo la pili ndilo linalotutisha. Katika giza la ua wako, huyo usiyemwona sawasawa anaweza kuwa mwanao aliyechelewa kurudi.

Nukta nyekundu inaondoa shida hiyo. Taa ndogo sana hurusha mwanga kwenye kioo, kioo huurudisha miali ikiwa sambamba, na jicho huiona nukta kana kwamba iko kule kule aliko unayemtazama. Unatazama kitu kimoja tu. Wenye macho yaliyopinda kidogo huiona nukta imechanika kama nyota, mimi mmojawapo, lakini hata nyota iliyochanika ni afadhali kuliko ukungu. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilileta kilengeo cha namna hii mwaka 1975, kikapata wateja kwa wawindaji wenye bunduki ndefu. Kwenye bastola kilichelewa sana, na sababu ya kuchelewa ndiyo mzizi wa malalamiko yetu.

Bunduki ndefu imetulia. Kilengeo chake kinakaa juu ya reli isiyokwenda popote, na vipimo vya reli hiyo viliandikwa na jeshi la Marekani mwaka 1995, kiasi kwamba kilengeo cha Mjapani hukaa kwenye reli ya Mjerumani bila maneno. Bastola haikupata bahati hiyo. Kilengeo hufungwa juu ya slaidi, lile gamba la juu linalorudi nyuma kwa kishindo na kurudi mbele kila risasi inapotoka. Kinabebwa na kitu kinachogongwa kama nyundo. Kinachokizuia kuruka ni skrubu mbili nyembamba na vishikizi vidogo vya chuma vinavyoingia kwenye matundu chini ya tumbo lake. Na mpangilio huo wa matundu na vishikizi, ambao katika risala hii tutauita kikalio, kila kampuni imejichorea wa kwake.

Trijicon ilipotoa kilengeo cha RMR mwaka 2009 ilikuja na kikalio chake. Kile cha Docter cha Ujerumani, ambacho sasa kinaitwa Noblex, kina vishikizi vinne na ni kingine. Leupold na DeltaPoint Pro yake ni kingine. Shield ya Uingereza imetoa kidogo kwa bastola nyembamba, kinachojulikana kama RMSc. Aimpoint Acro haina matundu kabisa. Inabana kwa taya kutoka ubavuni. Holosun ya China kwa vilengeo vyake vikubwa kama 507C ilifuata kikalio cha RMR, jambo la hekima, lakini kwa kidogo chake cha 507K ilikichukua kile cha Shield ikakipunguzia matundu ya nyuma. Ndiyo maana mwenye bastola iliyochongwa kwa RMSc akinunua 507K huambiwa achukue tupa akwangue vishikizi viwili kwenye slaidi mpya. Tupa, ndugu zangu! Kwenye silaha iliyosajiliwa!

Glock ilipoona vurugu hiyo ilitoa mwaka 2015 bastola za MOS, ambazo slaidi zake zimechimbwa shimo la jumla, na ndani ya boksi kulikuwa na mabamba manne yenye namba: 01 la Docter na jamaa zake, 02 la RMR, 03 la C-More, 04 la Leupold. Unachagua bamba linalolingana na kilengeo, unalifunga kwenye slaidi, kisha unakifunga kilengeo juu ya bamba. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilipochagua bastola ya SIG Sauer iliyokuja kuitwa M17, nayo ilikuwa imeandaliwa kupokea kilengeo. Tangu hapo karibu kila kiwanda kikaingia mkumbo huo, na bastola zilizochimbwa juu zikafika mpaka kwenye maduka mliyonayo ninyi.

Wazee wa milimani wataniambia hili si jipya. Magobole ya babu zetu yalikuwa hivyo hivyo. Kila mhunzi alichonga kwa bomba alilolipata, na goroli la gobole la Matombo halikuingia kwenye gobole la Tawa. Tofauti ni kwamba mhunzi wa Tawa ulimfuata nyumbani kwake ukamwambia limekataa, akalirekebisha ukiwa umekaa kwenye kigoda unasubiri. Mhunzi wa pleti yuko Austria au Oregon.

Sasa nieleze yaliyonipata, kwa sababu ndiyo yaliyowapata wengi wetu.

Nilinunua bastola ya 9mm iliyochimbwa tayari kwenye duka moja lenye leseni, ambalo jina lake silitaji. Muuzaji akanionyesha kilengeo kizuri, kioo kipana, nukta inang'aa. Nikauliza, "Kitakaa kwenye bastola hii?" Akajibu kwa uso wa mtu anayejua: "Kitakaa mzee, inakuja na pleti." Kweli, ndani ya boksi kulikuwa na pleti moja. Nilipofika nyumbani nikagundua ilikuwa ya kikalio kingine. Nikapiga simu. Nikaambiwa zipo pleti za jumla, zenye matundu mengi, "zinafaa kwa kila aina", zitaletwa. Ikaja baada ya miezi. Ni kipande cha alumini kilichotobolewa kama kijiko cha kuepulia maandazi. Kinachofaa kwa kila aina hakishiki sawasawa aina yoyote: kilengeo kilikalia skrubu mbili tupu, bila kishikizi hata kimoja cha kubeba kishindo.

Nikakifunga hivyo hivyo. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Siku ya kupima shabaha, mahali panaporuhusiwa na mbele ya askari msimamizi, risasi ya kwanza ilikwenda kushoto. Ya pili ikaenda chini. Ya tatu sikuiona ilikokwenda. Ya nne kilengeo kikang'oka, kikapita juu ya bega langu na kuanguka kwenye changarawe nyuma ya afande aliyekuwa anaandika. Alikiokota, akakipangusa, akaniuliza kwa upole uliouma kuliko matusi: "Mzee, hiki nacho ni sehemu ya risasi?"

Nilipofungua kilichobaki nikaona skrubu moja ilikuwa imeshika nyuzi mbili tu. Ilikuwa fupi. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, nikiwa nimeshachelewa, kwamba skrubu ya pleti ina makosa ya aina mbili. Ikiwa fupi, haishiki. Ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, inatokeza chini ya slaidi, na kwenye Glock inaweza kugusa njia ya kipini kinachosukuma ndoana ya kutolea maganda. Bastola inaanza kukwama na wewe unailaumu risasi. Halafu kuna nyuzi zenyewe. Skrubu za RMR ni za kipimo cha inchi, namba 6 yenye nyuzi 32 kwa inchi, kipenyo kama milimita 3.5. Fundi wetu hapa mjini ana sanduku la skrubu za milimita 3 na milimita 4. Ya 3 inacheza. Ya 4 akiisukuma kwa nguvu inaingia, naam, na nyuzi za tundu zinaondoka nayo.

Na kukaza kwenyewe je? Watengenezaji wengi wanataka nguvu ya kati ya paundi-inchi 12 na 15, yaani niutoni-mita 1.4 hadi 1.7 hivi. Ni kidogo mno. Ni nguvu ya vidole vitatu vilivyoshika bisibisi ndogo. Fundi aliyezoea kukaza nati za fuso hawezi kuamini kwamba hapo inatosha. Anaongeza robo mzunguko kwa ajili ya Mungu, na kichwa cha skrubu kinabaki mkononi mwake. Wenye uzoefu hukaza kwa bisibisi yenye kipimo, baada ya kufuta mafuta yote na kutia tone moja la gundi ya skrubu ya bluu, ile inayofunguka baadaye, siyo nyekundu. Bisibisi hiyo Morogoro tumeitafuta kuanzia Sabasaba hadi Msamvu. Gundi tumeipata, nyekundu.

Afande, labda utasema tunakuza jambo dogo. Tulipiga hesabu mezani kwa penseli. Chukua kilengeo ambacho tako lake lina urefu wa milimita 40. Bamba likiwa na mchanga chini yake, au halikuchongwa sawa, kiasi cha kuinua upande mmoja kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi, basi mstari wa kulengea umepinda kwa kiasi ambacho kwenye mita 25 ni zaidi ya sentimita 6. Hiyo ni karatasi moja. Katika maisha ya mtu mwenye silaha ya kujilinda, sentimita hizo ni tofauti kati ya mhalifu na jirani aliyekuja kumkamata mhalifu.

Mabamba yenyewe hayafanani. Yapo ya chuma, ya alumini, hata ya plastiki ngumu. Alumini ni nyepesi lakini nyuzi zake huliwa upesi ukifungua na kufunga. Chuma kinashika, ila masika ya upande wa mashariki wa Uluguru hayana huruma na chuma kisichopakwa kitu. Mwenzetu wa Kinole alilivua bamba lake mwezi wa tano akakuta kutu imeshaanza ramani. Unene nao una maneno. Bamba nene linakiinua kilengeo juu hadi vilengeo vya chuma havionekani tena kupitia kioo, na siku betri ikifa huna nukta wala chuma. Bamba jembamba linavibakiza vikionekana sehemu ya chini ya kioo, ukiwa na pa kukimbilia. Muuzaji wa duka lile hakunieleza hata moja kati ya haya. Sidhani kama alikuwa ananificha. Nadhani hakujua, na hilo ndilo baya zaidi.

Niguse betri kabla sijasahau. RMR ya kawaida inabadilishwa betri kwa chini. Maana yake kila ukibadilisha unafungua skrubu, unanyanyua kilengeo kutoka kwenye bamba, unakirudisha, unakaza, kisha unatakiwa kuhakikisha shabaha haikuhama. Tena ukikifunga kilengeo hicho juu ya pleti ya MOS, mtengenezaji anataka kuwe na kibati chembamba cha kuzibia katikati, la sivyo maji yanapita na betri haigusi vizuri. Kibati hicho huuzwa peke yake. Katika maduka matano tuliyouliza, hakuna aliyewahi kukisikia. Holosun nyingi zina droo ya betri ubavuni, na hazihitaji hayo yote. Mtu angetuambia mapema, wengine wetu tungechagua tofauti. Tunayataja majina haya si kwa ubaya. Vyote ni vilengeo vizuri vikikalia mahali pake.

Na mtu akishakosea, kurudi nyuma ni kazi. Vilengeo hivi si mashati. Marekani imeviweka katika orodha ya bidhaa zinazodhibitiwa kutoka nje ya nchi yake, na huku kwetu mwagizaji ana taratibu zake. Mteja wa Dallas aliyenunua pleti isiyo sahihi anairudisha kwa posta na kuletewa nyingine kabla wiki haijaisha. Sisi tunasubiri mzigo mwingine wa muuzaji, kama upo.

Tuje kwa mafundi. Hapa mjini mwenye bisibisi ndogo na mkono usiotetemeka ni fundi saa, na siku hizi fundi simu. Lakini bastola haipelekwi kwenye meza ya fundi saa, na sisi ndio wa kwanza kusema hivyo. Basi wenzetu wamekuwa wakibeba pleti peke yake na kilengeo peke yake, wameviviringisha kwenye kitambaa, wanamweleza fundi kwa mdomo jinsi slaidi ilivyo. Fundi anakata na kutoboa kitu cha kukalia mahali ambapo hajawahi kupaona. Ni kama kumshonea bwana harusi suti kwa kuambiwa kwamba ni mrefu kiasi. Mwingine akaamua kupanda basi kwenda Dar es Salaam, karibu kilomita 200, na bastola kiunoni na karatasi zake mfukoni, akiomba njia nzima asitokee mtu wa kumwuliza. Alipofika aliambiwa fundi wa silaha hayupo, arudi Jumatatu.

Na hapo linazuka swali ambalo hatujapata mtu wa kulijibu kwa maandishi. Je, pleti ni sehemu ya silaha au ni kama mkanda na mfuko wake? Mtu akifunga kilengeo kwenye bastola iliyosajiliwa, aende kuandikisha? Fundi wa karakana akichonga bamba bila kuiona silaha, amekosa? Tumeuliza mahali pawili tukapata majibu matatu. Askari mmoja alisema ni pambo tu. Mwingine alisema lolote lililoongezwa kwenye silaha lazima lionekane kwenye kumbukumbu. Wote wawili walikuwa na heshima na wote wawili walikuwa na uhakika.

La mwisho katika malalamiko ni mahali pa kupimia. Kila ukibadilisha bamba unatakiwa upime upya. Mtu mwenye mkono mzuri atatumia risasi kumi. Sisi tutumie kumi na tano, ishirini. Kilengeo cha RMR kinasogea kwa mibofyo, na mbofyo mmoja kwenye mita 25 ni kama milimita 7, kwa hiyo ni kupiga, kutazama, kubofya, kupiga tena. Risasi hatununui kama sukari. Na hatuna hapa mkoani uwanja wenye siku maalumu ya raia wenye leseni kwenda kupima chini ya usimamizi. Tunasubiri fadhila. Matokeo yake wapo, na tunakiri kwa aibu, ambao wamefunga kilengeo na hawajakipima hata mara moja. Wanatembea na nukta isiyojua inakoelekea.

Kwa hayo yote, haya ndiyo tunayodai na tunayoomba.

Kwenu wauzaji, tunadai, na neno hili tumelichagua, kwamba msiuze bastola iliyochimbwa bila kuandika kwenye karatasi ya mauzo ni kikalio gani slaidi inapokea, na mabamba gani yamo ndani ya boksi, kwa namba zake. Msiuze kilengeo kabla hamjamwuliza mteja ana bastola gani na bamba gani. Msikifunge kwenye mfuko bila skrubu zake, mkitaja urefu na aina ya nyuzi. Mkiagiza vilengeo kumi, agizeni na mabamba yake, na vibati vya kuzibia kwa vile vinavyohitaji. Pleti za jumla zenye matundu kama kijiko cha maandazi, ziacheni huko huko ziliko. Na aliyeuziwa isiyolingana kwa neno la muuzaji, arudishiwe fedha zake bila kuambiwa asubiri meli.

Tunaomba pia mumfundishe kijana wenu wa kaunta jambo moja tu: bamba ndilo linalochaguliwa kwanza. Anayeanza na kioo kinachong'aa atakuwa na kioo kinachong'aa kabatini.

Kwako Afande, na kupitia kwako kwa Msajili wa silaha, tunaomba mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema pleti na kilengeo vinahesabiwaje, nani anaruhusiwa kuvifunga, na kama kuna fomu, fomu hiyo inapatikana wapi. Jibu likiwa gumu tutalibeba. Majibu matatu hatuyawezi. Tunaomba vilevile siku moja katika kila miezi mitatu, katika uwanja wowote mtakaouchagua ninyi, raia wenye leseni wapime silaha zao mbele ya mkufunzi, gharama za risasi na usimamizi tukilipa wenyewe.

Na tunaomba fundi. Morogoro ina Shirika la Mzinga, kiwanda cha jeshi kilichokaa chini ya mlima huu tangu miaka ya 1970, chenye watu wanaochonga chuma kwa vipimo vidogo kuliko hivi tunavyovililia. Tuna VETA Kihonda, ambako vijana wanajifunza ufundi. Hatuombi waunde silaha. Bamba ni kipande cha chuma bapa chenye matundu manne au sita na vishikizi viwili. Sheria ikiruhusu, na kibali kikitolewa kwa karakana moja tu inayosimamiwa, mtu wa Mgeta hatakuwa na sababu ya kusafiri na bastola hadi pwani kwa ajili ya kipande cha ukubwa wa biskuti.

Watengenezaji wa mbali hawatusomi, lakini tunaliandika ili liwe limeandikwa: reli ya bunduki iliafikiwa mwaka 1995 na hakuna aliyefilisika. Kikalio cha bastola nacho kiafikiwe kimoja kwa bastola kubwa na kimoja kwa ndogo.

Kwa upande wetu, tunaahidi yafuatayo. Hatutapeleka bastola kwa fundi asiye na idhini, hata akiwa shemeji. Hatutakwangua slaidi kwa tupa. Atakayefunga kilengeo hatakitegemea mpaka akipime, na mpaka hapo ataendelea na vilengeo vyake vya chuma. Atakayeshuka kutoka baridi ya Nyandira hadi joto la mjini na kukuta kioo kimepiga ukungu atakipangusa akiwa faragha, hataitoa bastola hadharani stendi ya Msamvu kama mmoja wetu alivyofanya, akasababisha abiria kulala chini na yeye mwenyewe kulala kituoni. Mwenzetu huyo yupo hapa na ametupa ruhusa ya kulitaja hilo.

Afande mgeni rasmi, nakala ya risala hii iko mikononi mwako, na kwenye kurasa za nyuma kila mmoja wetu ameandika aina ya bastola yake, aina ya kilengeo alichonacho, na bamba linalomkosesha usingizi. Ndugu wauzaji, nakala zenu ziko mezani; tunaomba kila mmoja achukue yake kabla ya chai, na atujibu kwa maandishi ndani ya siku tisini. Mpaka hapo, kilengeo changu kiko kwenye boksi lake, na skrubu yenye nyuzi mbili nimeibandika hapa kwa gundi pembeni ya sahihi yangu, muione.

Naomba kuwasilisha.